Jibu la konda mstaafu kwa mama wa mtoto wa kidato cha kwanza

Dada mleta uzi, shikamoo kama umenizidi umri. Swali lako nimelisoma mara mbili. Binti yako wa miaka 13 kapangiwa shule ya mbali, anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na wiki ya tatu tu karudi analia kwamba kuna mtu kamshika ndani ya daladala na gari zima limenyamaza. Unauliza ufanye nini, na jiji lifanye nini. Wachangiaji wa mwanzo wamekushauri ununue gari. Mmoja kakuuliza sketi yake inafika wapi. Huyo wa sketi tumuache, sare anachagua mwalimu mkuu.

Mimi nilikuwa konda miaka sita, 2008 mpaka 2014, Gongo la Mboto–Kariakoo, Kosta ya tajiri mmoja wa Ukonga. Sasa hivi nauza vipuri Buguruni na nina binti wa kidato cha pili. Kwa hiyo mlango wa daladala naujua kwa nje na kwa ndani, na mengine nitakayosema hapa hayanipi sifa.

Kwanza uelewe hesabu, yaani ile hela ambayo mwenye gari, tunamwita tajiri, anataka apelekewe kila siku, maana mambo yote yanaanzia hapo. Tajiri alitaka 80,000 kila jioni. Mafuta juu yetu, wapiga debe juu yetu, tairi likipasuka juu yetu, na kinachobaki ndiyo posho ya dereva na yangu. Hakuna mshahara. Sasa weka nauli juu yake. Tangu Desemba 2023 mtu mzima analipa 600 kwa ruti isiyozidi kilomita 10, mwanafunzi analipa 200. Nafasi ya mtu mzima mmoja ni sawa na wanafunzi watatu. Serikali ndiyo iliyotoa punguzo, na ni jambo jema kabisa, lakini anayelilipia ni konda, kutoka kwenye posho yake, kila asubuhi. Ndiyo maana anasimama mlangoni na kusema "wanafunzi wawili tu, wawili tu!" huku nyuma siti zipo. Nilisema maneno hayo kila siku ya Mungu. Trafiki akiwepo kituoni tulipakia watano, asipokuwepo wawili.

Yule mtoto tuliyemuacha kituo cha Banana saa kumi na mbili jioni haendi popote. Anasimama. Gari la pili, la tatu, la tano. Giza linaingia, na hapo ndipo anakuja bodaboda na lifti ya bure, au konda wa gari jingine anayemwambia "wewe panda tu, nauli yako kaa nayo". Nimewaona wenzangu wakiwafanyia mabinti hivyo. Mia mbili ya leo, soda ya kesho, namba ya simu keshokutwa. Watu wanaogopa kifungo cha miaka 30 kilichowekwa kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016 kwa anayempa mimba mwanafunzi, ila kifungo kinakuja mwisho wa safari. Safari yenyewe inaanzia kituoni, kwenye ile mia mbili. Kwa hiyo dada, sheria ya kwanza nyumbani kwako iwe hii: binti akikwambia kuna konda hataki nauli yake, usifurahi kwamba mmeokoa hela. Siku inayofuata panda naye gari hilo, mlipe nauli yenu mbele ya watu, na konda aone ana mama.

Haya, huko kushikwa. Daladala likiwa "level siti", yaani abiria wote wamekaa, hakuna anayemshika mtu. Mkono unatembea gari likijaa kiasi kwamba hujui kiwiko hiki ni cha nani. Na nani analijaza? Mimi. "Songeni nyuma, nyuma kuna nafasi," wakati nyuma hamna pa kuweka hata kandambili. Wanawake wanalijua hilo kuliko yeyote, ndiyo maana utawaona wakigeuza. Kwa wasiokaa Dar: mtu anakwenda Gongo la Mboto, lakini Kariakoo jioni kugombania gari ni vita, vijana wanaingilia madirishani. Basi mama anasogea vituo kadhaa kurudi nyuma, anapanda gari linaloingia Kariakoo, anamwambia konda "nageuza", anakaa, na analipa mara mbili ili tu arudi nyumbani ameketi. Nilikuwa nawapenda sana abiria wa kugeuza, ni hela ya bure. Leo nikimpigia mke wangu hesabu naona ni kodi. Mwanaume analipa mara moja na kuingilia dirishani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni analipa mara mbili ili asipapaswe.

Nikupe kisa kimoja. Ilikuwa asubuhi, tumetoka Jeti, gari limeshona. Katikati kasimama msichana wa shule, begi mgongoni, na nyuma yake baba mmoja wa makamo na bahasha ya kaki, mtu wa heshima zake ukimtazama. Mtoto anasogea, baba anasogea. Anasogea tena, baba naye. Niliona. Nisikudanganye kwamba sikuona, konda anaona kila kitu kwa sababu anatafuta nani hajalipa. Nikanyamaza, kwa sababu yule alikuwa ameshalipa na mimi nilikuwa nawaza foleni ya Tazara. Aliyesema ni mama mmoja muuza samaki, ndoo iko miguuni kwake, wala hakusimama. Alipaza sauti: "Jamani, huu mkono kwenye sketi ya mtoto mwenyewe ni nani? Auchukue!" Hakumtaja mtu. Aliuliza mkono. Gari zima likageuka, watu wakaanza kucheka na kuulizana, na yule baba akasema "shusha" Vingunguti, mahali ambapo naapa hakuwa anashukia.

Nilijifunza kwa yule mama. Mtoto akimwambia mtu mzima "unanishika", atajibiwa "mimi? na gari lilivyojaa hivi?" na aibu inamrudia yeye. Ukiuliza mkono, mwenye mkono anajitaja mwenyewe kwa kuuondoa. Mfundishe binti yako sentensi hiyo, aisemee nyumbani kwa sauti mpaka iwe nyepesi mdomoni, kwa sababu siku ya tukio koo hukauka. Na begi avae mbele, kifuani. Pini ya ushungi sina maoni nayo, ila wanafunzi wa enzi zangu walikuwa nayo na bikari pia, na niliwahi kumsikia mtu mzima akiruka.

Baada ya siku ile nikawa na mtindo wangu. Nikiona dalili siulizi kitu, naita tu: "Mwanafunzi wa begi jekundu, njoo mbele hapa ushike vyuma." Namsogeza karibu yangu na mambo yanaisha bila ugomvi. Inachukua sekunde tano na haigusi hesabu. Ndiyo maana nakereka nikisikia konda anasema hawezi kufanya kitu. Ila angalizo: "mbele" maana yake ni karibu na mlango au siti ya nyuma ya dereva, siyo pale kwenye injini ubavuni kwa dereva. Mabinti wanaozoeshwa kukaa kwenye injini, wengi wao ndio wale wa nauli ya bure.

La tatu ni ngazi, ambalo mleta uzi hukuuliza. Konda akigonga bodi, dereva anaondoa. Siku moja pale Tazara mama alikuwa anashuka, mtoto mgongoni, mkono mmoja kapu. Mguu mmoja chini, mmoja juu. Nikagonga, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na gari la ruti yetu na lilikuwa linatukimbiza. Alianguka kwa goti, kapu likamwagika, nyanya zikaenda chini ya gari. Mtoto hakuumia. Yule mama hakunitukana, aliniangalia tu, akaanza kufunga upya khanga ya mtoto pale pale barabarani. Dereva akapiga honi. Nilipanda, tukaondoka, na nyanya zake sikuokota hata moja.

Ukiniuliza sasa jiji lifanye nini, nitaanza na hapo: ondoa hesabu. Dereva na konda wa mshahara hana sababu ya kugonga bodi mapema, kukataa mwanafunzi, kushindilia watu wala kukatisha ruti na kuwashusha kina mama gizani. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, ulipoanza mwaka 2016, Kimara mpaka Kivukoni, tuliona kitu kimoja kikibadilika: sakafu ya basi iko usawa na kituo, mama mwenye mtoto anaingia anatembea, hapandi. Dereva hana habari na nani mwanafunzi. Lakini msongamano ulihamia kule kule, na mkono wa yule baba wa bahasha ukahamia nao, kwa sababu basi refu lililoshona linatoa maficho yale yale. Kwa hiyo mabasi mengi kwa wakati mmoja ndiyo dawa, hasa saa kumi na mbili mpaka mbili asubuhi. Na pengo la nauli ya mwanafunzi LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, na serikali walilipe kwa mwenye gari, wasimtegemee konda awe na huruma. Huruma nilikuwa nayo Jumatatu. Ikifika Ijumaa gari lina deni.

Mabasi ya wanawake peke yao, kama mmoja alivyopendekeza hapo juu? Metro ya Delhi ina behewa la wanawake tangu 2010 na Cairo walitangulia zamani. Mimi sipingi, ila kwa daladala naona tabu: lile la wanawake likichelewa, mwanamke atakayepanda la kawaida ataulizwa "kwani basi lenu hukuliona?" Ninalolipenda zaidi ni la Montreal, Kanada. Tangu 1996 mwanamke akisafiri usiku anaruhusiwa kumuomba dereva amshushe kati ya kituo na kituo, karibu na kwake. Konda wa Dar anashusha popote kila siku ili akwepe foleni, hilo la kumshusha binti kwenye taa, mbele ya duka lililo wazi, linamshinda nini?

Kuhusu tukio lenyewe la binti yako, usiliache. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilishaliingiza jambo hili kwenye Kanuni ya Adhabu, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, uombe dawati hilo hasa, usiishie kaunta. Simu ya watoto ni 116, bure. Akumbuke namba za gari kila anapopanda, hata kama aliyemshika ni abiria, maana konda na dereva ni mashahidi wanaopatikana. Mimi ningekuja kutoa ushahidi? Mwaka ule, hapana. Mtu angenifuata nyumbani na askari, ndiyo.

Binti yangu anapanda Ukonga na wenzake watatu, wanasubiriana kituoni mpaka watimie, na gari lao la asubuhi konda ni mwanamke, mkali kama pilipili, anayepakia wanafunzi kwanza ndipo watu wazima. Tajiri wake anamlipa mshahara, nilimuuliza mwenyewe.

Dada, hujasema binti anapandia wapi na kubadilishia wapi. Kama ni njia ya Gongo la Mboto au Buguruni, andika hapa kituo tu, jina la shule usiweke. Wapo madereva wawili watatu wa zamani zangu bado wako barabarani, na saa kumi na moja na nusu huwa wanapita.