Mawazo yakitangatanga ndani ya swala, niirudie?

SWALI: Sheikh, mimi nauza vitumbua. Nikishasema Allahu akbar tu, akili inakwenda kwenye mchele niliouroweka, deni la kikoba, mtoto anayekohoa. Ustadhi mmoja alisema swala isiyo na khushuu, yaani utulivu na unyenyekevu wa moyo, hukunjwa kama nguo kuukuu, akatupiwa mwenyewe usoni. Sasa Isha naiswali mara tatu, nne, mpaka saa sita usiku. Nifanyeje?

JIBU: Mama, swali lako limeniuma. Isha yako ya kwanza imesihi, na hizo nyingine hakuna aliyekuamrisha.

Riwaya ya nguo kuukuu sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Tena haitaji khushuu peke yake: inamtaja anayechelewesha swala na kuharibu udhu, rukuu na sijda pia. Huyo ustadhi alikata kipande cha kutisha akakiacha kilichobaki. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa shetani humjia mwenye kuswali, akamwambia kumbuka hili, kumbuka lile, mpaka asijue ameswali rakaa ngapi. Dawa aliyotoa ni sijda mbili za kusahau. Hakusema arudie! Sahaba Uthman bin Abil-As aliposhitaki kama unavyoshitaki wewe, aliambiwa huyo ni shetani aitwaye Khinzab: jilinde kwa Allah, uteme mate makavu kushotoni mara tatu. Akafanya, yakamwondoka.

Najua wapo watakaonijia na maneno ya mwanachuoni Imamu Ghazali, kwamba ameukazania mno uhudhurifu wa moyo. Ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alikiri kuwa wengi hawauwezi swala nzima. Na kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, khushuu ni sunna. Ikikosekana thawabu hupungua, swala haivunjiki.

Mtoto je? Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto swalani akaifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Wewe unataka kuirefusha mara nne ilhali wako anakohoa.

Roweka mchele kabla ya adhana, simu iache chumba kingine. Katika Alhamdu simama kidogo kila aya, kwani hadithi ya qudsi, ambayo Mtume anapokea maneno ya Mola wake, inasema Mola anamjibu mja aya kwa aya. Akili ikikimbilia kikoba, irudishe kwenye aya uliyofikia bila kujigombeza. Ikikimbia mara ishirini, irudishe mara ishirini.

Leo Isha swali mara moja, kisha ulale. Alfajiri vitumbua vinakungoja.