Upo chini ya elfu moja? Sawa, ila uliza namba

Wenzangu tunaotumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hasa nyie wa mialoni na visiwani, naomba leo tuongelee majibu ya HVL, kile kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu. Naona wengi tukishaambiwa "upo chini ya elfu moja, endelea hivyohivyo", yaani nakala elfu moja za virusi kwa mililita ya damu, tunakunja kadi tunawahi daladala, namba yenyewe hatuijui. Mimi nauza dagaa hapa Kirumba, Mwanza, dawa nina miaka nayo, na majibu yangu yalikuwa yanacheza tu, mara mia mbili na kitu mara mia nne, kila mwaka hivyo, na mwili naona uko fresh wala siumwi. Nilipohamia kituo kingine ndo nesi akapekua faili akaniuliza, dada, mbona wewe hushuki?

Iko hivi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanagawa majibu mafungu matatu: virusi havionekani kabisa kwenye kipimo, vinaonekana lakini havizidi 1000, na vimezidi 1000. Hilo fungu la katikati ndo watu tunalala nalo usingizi. Kwa upande wa mwenzi wako usiogope sana, mwaka 2023 WHO walisema kama havionekani humuambukizi kwa ngono, na ukiwa hapo katikati uwezekano ni kama haupo. Lakini kwako wewe mwenyewe ni habari nyingine, maana virusi vinavyoendelea kuzaliana kidogo kidogo vinaichosha kinga, vinaweza vikaizoea dawa, na watu wanaokaa hapo muda mrefu ndo wenye uwezekano mkubwa wa kuja kupanda juu ya 1000. Ukifika huko na ukakaa, CD4, zile chembe za kinga, zinashuka, TB inakukuta, na ile homa ya uti wa mgongo ya fangasi ambayo inaua kweli. Mama mjamzito au anayenyonyesha ndo kabisa, hapo kuna mtoto.

Namba ikipanda mara moja tu usichanganyikiwe, inatokea, ikirudiwa unakuta imeshuka. Ikiwa kila kipimo iko palepale ndo mtafute chanzo, na chanzo siyo lazima uwe mtoro wa dawa, hilo nawaambia hata baadhi ya watoa huduma maana wengine wakiona namba tu wanaanza kugomba.

Kwangu ilikuwa vidonge vya kuongeza damu. Niliandikiwa dirisha lingine, navinywa asubuhi pamoja na TLD, kile kidonge kimoja cha ARV chenye dawa tatu ndani, dolutegravir ikiwemo, tumbo tupu, hakuna aliyeniambia kwamba madini ya chuma yanaishika ile dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Kalsiamu nayo hivyohivyo. Sasa hivi nakunywa vyote na chakula, au ARV inatangulia masaa mawili, na kama vidonge vya damu vimetangulia nasubiri masaa sita. Dawa za kiungulia zile za magnesiamu chakula hakizisaidii, hizo tenganisha tu masaa. Na ukianzishiwa dawa za TB waambie kabisa unatumia TLD, kuna dozi ya kuongeza jioni.

Wavuvi mna la kwenu. Nimeona mtu anamwaga vidonge vyote kwenye kimfuko cha nailoni, anakifunga fundo anakisokomeza mfukoni, kisa chupa inalia chekecheke mtumbwi mzima wakajua. Unyevu wa ziwani unaviharibu hivyo! Acha kwenye chupa yake pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, juu jazia pamba, haitalia. Na kliniki iombe iangukie siku za mbalamwezi, siku ambazo dagaa hamuendi, kuliko kupangiwa katikati ya giza halafu unachagua kati ya dawa na hela. Wengi wanaopanga tarehe hawalijui hilo mpaka uwaambie.

Ukishazidi 1000 watakuweka kwenye vikao vya ushauri, kwa kawaida vitatu, mwezi kwa mwezi, kisha damu inarudiwa. Nenda vyote na useme ukweli, kama mume hajui, kama unaficha dawa kwenye debe la unga, sema, maana ukisema "nakunywa vizuri" wakati siyo, unaweza ukabadilishiwa dawa iliyokuwa haina kosa. Na dawa zikiisha uko kambini, iwe kisiwa cha Ukara au Kome, ulizia kituo cha CTC, kliniki ya wanaotumia ARV, kilicho karibu, nenda na kadi yako ueleze, usigawane chupa na mwenzako mkaishiwa wote wawili.