Kuhusu mtaji wa karakana ya betri

Mwanangu Salma,

Waalaykumu salaam. Umeuliza kama utie akiba yako kwenye karakana ya betri za pikipiki za umeme pale Fumba, inayotaka kutoka betri 20 kwa mwezi hadi 200. Tia, lakini kwa mafungu, na hata shilingi isitoke kabla hujaonyeshwa daftari la betri zilizorudi.

Betri ya volti 51.2 ina seli 16, yaani vijibetri vya ndani, za volti 3.2 zilizofuatana, ikichoka moja, betri nzima imechoka. Ikiwa katika kila seli 100 moja ni mbovu, basi katika betri 100, kama 15 zitakuwa na ubovu ndani. Kwa betri 20 ni 3, fundi atazimaliza jioni. Kwa 200 ni 30 kila mwezi, zote zina garantii.

Kwa hiyo seli hupimwa kabla ya kufungwa: hujazwa hadi volti 3.65, hushushwa hadi 2.5 ili ijulikane imetoa kiasi gani, zinazolingana zikawekwa pamoja. Uliza mashine ya kupimia inachukua seli ngapi kwa mkupuo. Kama ni 8 na kila mkupuo ni saa 6, basi hata isipozimwa ni seli 960 kwa mwezi, yaani betri 60. Hizo 140 nyengine zitatoka bila kupimwa! Fungu la kwanza linunue mashine za kupimia.

Nati za seli nazo zikazwe kwa spana yenye kipimo. Pikipiki hutikisika, na hewa yetu ya chumvi hula pale shaba inapokutana na alumini. Nati iliyolegea hupata moto. Betri ikifanya kazi nusu saa, kipimajoto kitaionyesha.

Usidhani ni tabu ya wadogo tu. A123 Systems, kampuni ya betri ya Marekani, ilitoa seli zenye kasoro kwenye kiwanda chake cha Livonia, Michigan. Machi 2012 ikatangaza kuwa kuzibadilisha ni dola milioni 55, na Oktoba mwaka huohuo ikaomba kinga ya mufilisi.

Fungu la pili, la kununulia seli, litoke baada ya miezi mitatu, betri zinazorudi zikiwa hazizidi 2 katika 100. Hisa zako ziandikwe BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, usikubali ahadi ya mdomo hata kwa jamaa.

Nitumie picha za daftari hilo kabla hujasaini.

Babaako,
Wete