Re: Nikisaini IVA wadai wataniacha?

Pole sana dada. Umeuliza kama ukiingia IVA, yale makubaliano rasmi ya kulipa madeni hapa Uingereza, wadai wote watakuacha upumue, jibu ni ndiyo ila sio wote. Iko hivi, mtaalamu mwenye leseni anakuandalia pendekezo, wadai wanapiga kura, waliokubali wakifika 75% ya thamani ya madeni yaliyopigiwa kura basi inawabana hata waliokataa, unalipa kila mwezi kwa kawaida miaka 5 au 6 halafu kinachobaki kinafutwa. Lakini faini za mahakama, matunzo ya mtoto na mkopo wa chuo haviingii humo. Na jina lako linaandikwa kwenye rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Kinachoniuma ni hizi kampuni zinazopiga simu kukuharakisha, maana ada yao inakatwa humohumo kwenye malipo yako. Usikubali kwenye simu, tafadhali! Nenda kwanza kwenye mashirika ya ushauri wa madeni kama Citizens Advice au StepChange, ushauri wao ni bure, beba barua zote za madeni na salari slipu, wakupigie hesabu kama hicho kiasi cha mwezi utakiweza kweli, coz ukikwama katikati IVA inaweza kuvunjwa na wadai wakarudi kukudai.