Besi ya nyuzi tano ya Kijapani hapa Dar: malizana na shingo kabla ya kugusa pikapu

Mkuu, umesema besi yako ni Ibanez SR ya Prestige (daraja la juu la kampuni hiyo), nyuzi tano, iliyotoka Japani. Uzi wa B unalia umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, freti za mwanzo (vile vyuma vinavyokatiza shingo) zinakwaruza tangu masika yaanze, na fundi kakwambia dawa ni kubadilisha pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi. Usibadilishe. Pikapu haiwezi kuifanya freti ikwaruze. Unayoyaeleza ni shingo iliyosogea, pamoja na uzi wa B ambao ama ni mwembamba ama umefungwa vibaya. Yote mawili yanarekebishika mezani, kwa vifaa vinavyoenea kwenye mfuko wa shati.

Kama una wasiwasi na uhalisi wake, geuza kichwa uangalie namba nyuma. Prestige zilizotoka kiwanda cha FujiGen, mji wa Matsumoto, namba huanza na herufi F, na kuanzia 1997 tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. F08 ni ya 2008. Namba peke yake si ushahidi kamili, kwa hiyo tazama pia kingo za freti. Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo kutoka juu hadi chini: kwenye besi iliyomalizwa vizuri hutasikia chuma kikikukwaruza popote.

Sasa shingo. Nyuzi tano zikiwa zimetuniwa zinaivuta kwa zaidi ya kilo 90 kwa pamoja. Ndani kuna fimbo ya chuma inayovuta kinyume, ili shingo ibaki na mbonyeo mdogo sana wa kwenda mbele. Ubao wa freti hunywa unyevu. Ukivimba, unaisukuma shingo irudi nyuma, na nyuzi zinagusa freti tano za kwanza. Ndiyo masika yako hayo. Ukiilaza chumba chenye kiyoyozi wiki nzima, ubao unakauka, shingo inainama mbele na nyuzi zinapanda juu. Shingo za vipande vitano kama ya SR5005, wenge na bubinga vilivyopangwa kwa zamu (mbao za misitu ya Afrika ya Kati, zimekwenda Japani zikarudi), hutulia kuliko shingo ya kipande kimoja, lakini hazigandi. Besi iliyotoka baridi kavu ya Tokyo mwezi Januari ikashuka Dar haiwezi kubaki kama ilivyofungwa kiwandani. Hilo si kasoro ya besi.

Kupima ni hivi. Ifungue kwenye boksi, uiache saa kadhaa katika chumba unachopigia. Ituni B, E, A, D, G kwanza, maana kipimo cha nyuzi zilizolegea hakina maana. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Hapo uzi umekuwa rula. Angalia mwanya kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Unatafuta milimita 0.3 hivi. Fila geji za mafundi wa magari, zile za kupimia valvu, zinafaa kabisa. Kama huna, omba kipande cha uzi namba 12 wa gitaa la solo: unene wake ni milimita 0.3. Kikipita huku kikigusa kidogo juu na chini, umefika.

Uzi ukilala juu ya freti bila mwanya wowote, shingo imerudi nyuma. Fungua kifuniko kidogo kilichopo kichwani na uizungushe nati ya fimbo kinyume cha saa, robo mzunguko tu. Tuni upya, pima upya. Mwanya ukiwa mkubwa, tuseme 0.6, unakaza kwa mwelekeo wa saa, lakini legeza nyuzi kwanza ili nati isibebe mzigo wote. Usizidishe robo kwa mkupuo mmoja. Mbao huchelewa kujibu: unaweza kukaza leo ukaona haijatosha, kesho asubuhi ukakuta imefika yenyewe. Wanaoharibu shingo ni wale wanaotaka iishe ndani ya dakika tano. Na tafadhali, spana ya L iwe ya milimita na iingie hadi mwisho. Ya inchi inayokaribiana itaingia, itashika kidogo, kisha itakula pembe za nati. Nati ya fimbo ikishakuwa duara, umenunua kazi ya siku mbili kwa fundi wa mbao, na wachache hapa mjini wanaiweza. Kwenye besi nyingine za Kijapani nati hii iko upande wa mwilini, na inabidi ulegeze skrubu nne za shingo ndipo uifikie.

Shingo ikikaa sawa, ndipo urefu wa nyuzi. Rula ya chuma, freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: G milimita 1.8 hadi 2, B milimita 2.3 hadi 2.5, nyingine zipande taratibu katikati yake. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo. Kwa hewa yetu ya chumvi, viskrubu vya daraja (kile chuma mwilini kinachoshika nyuzi) hushika kutu mapema na tundu lake dogo huchakaa, kwa hiyo tia tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti na usubiri robo saa kabla ya kuzungusha. Usipulizie dawa ya kutu moja kwa moja, itaingia kwenye mbao.

Mahali sauti inapokwaruza panakuambia penye tatizo. Ikikwaruza freti ya kwanza hadi ya tano, ni shingo. Ikikwaruza juu ya 12 peke yake, tandiko la uzi kwenye daraja, kile kipande uzi unapolalia, liko chini mno, au shingo imeinama mbele kupita kiasi. Ikikwaruza uzi ukiwa wazi tu, na ukibonyeza popote inakuwa safi, basi mfereji wa uzi huo kwenye kizingiti, kile kipande chenye mifereji mitano chini ya kichwa, umechimbika. Nyuzi na fimbo haviwezi kutibu hilo, kizingiti kinabadilishwa.

Uzi wa B ndio moyo wa swali lako. B ile inatetema mara 31 hivi kwa sekunde, wakati E ni 41. Kwenye besi ya inchi 34, yaani urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi daraja, uzi wa B wenye unene wa inchi .130 unavutwa kwa kilo 15 na ushee, ilhali E ya .105 iko kwenye kilo 18. Kwa hiyo B italegea kidogo kuliko wenzake hata kila kitu kikiwa sahihi. Ukiweka .120 au .125 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani Kariakoo, utalalamika mpaka mwisho. Tafuta seti ya .045 hadi .130, na uhakikishe pakiti imeandikwa kwamba inafaa inchi 34. Seti ya besi ndefu ya inchi 35 inaweza kuingia, ila ya inchi 34 kwenye besi ya 35 huenda ikaleta sehemu iliyosokotwa nyembamba juu ya kizingiti, au ikapungukia kabisa.

Kuufunga ndiko wengi wanakokosea. Uzi wa B una kiini cha chuma na matabaka ya waya yaliyozungushwa juu yake. Ukiukata kabla ya kuukunja, matabaka yanateleza juu ya kiini na uzi unakufa, sauti inakuwa kama gunia lililopigwa fimbo. Vuta uzi hadi kwenye ufunguo wa kutunia, pima sentimita 10 zaidi ya nguzo yake uzi unapozungushwa, ukunje kwa koleo uwe pembe mraba kabisa, ndipo ukate mbele ya kona hiyo. Tumbukiza ncha kwenye tundu la nguzo. Mizunguko miwili inatosha, ikishuka kuelekea chini ili uzi ubonyee vizuri kwenye kizingiti. Usiusokote wakati wa kuuvuta. Ukihisi umejisokota, uachie ujizungushe wenyewe kwanza.

Ukishatuni, bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele tu ya tandiko la daraja, halafu na mbele ya kizingiti. Uzi mnene hupita pale kwa mkunjo wa mviringo, kama waya wa umeme uliotundikwa, na mkunjo huo ndio unaoleta ile sauti isiyo na umbo. Ukiubonyeza unapata kona kali. Tuni tena, maana itashuka kidogo. Jambo hili la sekunde kumi limeokoa besi nyingi ambazo wenyewe walikuwa tayari kuziuza.

Ukisikia "ting" wakati wa kutuni, uzi mnene unakwama kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya mwembamba. Sugua penseli laini ndani ya mfereji. Ikiendelea, mfereji upanuliwe kidogo, ila pande tu, usiguswe chini.

Hapo sasa ndipo pikapu inaingia, na si kwa kubadilishwa. Bonyeza freti ya mwisho, pima kutoka uzi hadi pikapu: upande wa B milimita 3 hadi 3.5, upande wa G milimita 2 hadi 2.5. Ikikaribia sana, sumaku inauvuta uzi wa B wakati unatetema na noti inayumba, hata tuna yako itakuwa inahangaika. Watu huinua pikapu ili B isikike zaidi, kumbe ndiyo wanaiharibu. Ishushe, uone B inavyotulia.

Halafu oktava, yaani kuhakikisha uzi unabaki kwenye tuni hata ukibonyezwa juu ya shingo. Piga uzi wazi kwa kugusa tu juu ya freti ya 12, kisha ubonyeze freti hiyo hiyo na ulinganishe kwenye tuna. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha tandiko nyuma, ikiwa chini lisogeze mbele. Kwenye B sikiliza zaidi kuliko kutazama, tuna nyingi ndogo hazisomi vizuri chini huko. Na ukikuta noti moja kwenye uzi wa G, freti ya tano hadi ya saba, inazimika haraka kuliko jirani zake, usihangaike. Ni tabia ya shingo zilizofungwa kwa skrubu, hata za bei kubwa.

Umeme wake: besi hizi zina priampu ya betri, kikuza sauti kidogo kilichomo ndani. Ukichomeka waya, betri inaanza kutumika hata kama hupigi, kwa hiyo chomoa kila unapomaliza. Tumia betri ya alkalaini ya volti 9, na ikishuka chini ya 7 kwenye mita, badilisha, maana B ndiyo huanza kupasuka. Zile zenye betri mbili zibadilishwe zote kwa pamoja. Kama uliletewa na pedali au adapta kutoka Japani, soma maandishi yake kabla ya kuchomeka ukutani: iliyoandikwa 100V peke yake itaungua kwenye 230 zetu. Iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida.

Kuhusu spika, amplifaya ndogo ya mazoezi yenye spika ya inchi 8 haiwezi kuitoa B kamili. Unachosikia ni oktava yake ya juu, na ukilazimisha kwa kupandisha besi hadi mwisho utachana karatasi ya spika. Kwenye kumbi na kanisani pitia DI, kisanduku cha kuunganisha besi na mikisa, uingie kwenye mikisa. Ukipata mtetemo wa umeme mdomoni ukigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, simama hapo hapo: laini ya ardhi haipo. Lete umeme wa amplifaya na wa mikisa kutoka soketi moja iliyo na ardhi.

Namna ya kuupiga uzi wa tano nayo inapunguza kelele. Unapopiga nyuzi nyingine, gumba la kulia lilale juu ya B, likishuka na mkono, la sivyo B itavuma chinichini kila noti. Faida yake kubwa si kushuka chini kila wakati. Wimbo wa La (A), mkono wako uko freti ya tano ya uzi wa E, na Mi (E) ya chini iko hapo hapo freti ya tano ya uzi wa B. Mkono hausogei. Mwimbaji akipandisha hadi Mi bemoli, mzizi, yaani noti ya msingi, uko freti ya nne ya B, na wa Re uko freti ya tatu. Chini huko piga mzizi na noti ya tano ya skeli tu, noti ya tatu inageuka tope. Sebene ikiingia, toka huko, panda juu uiachie ngoma nafasi yake.

Matunzo kwa Dar: kitambaa kikavu juu na chini ya nyuzi kila unapomaliza, vipakti vya kunyonya unyevu ndani ya boksi, na usiiache kwenye buti la gari juani. Kuchemsha nyuzi kunarudisha mng'ao kwa siku chache, lakini zikaushwe kabisa kabla ya kufungwa, vinginevyo kutu inaanzia ndani. Kwenye bodaboda, boksi gumu.

Pima kwanza ule mwanya wa freti ya saba, usome na unene wa B kwenye pakiti ya nyuzi zako, uviandike hapa. Kwa namba hizo mbili tutajua kama ni robo mzunguko tu au ni seti mpya.