Jibu: Nipake rangi nyumba yote kabla ya kuiuza?
Ndugu, umeuliza kama upake rangi nyumba yote ya Kira, hapa Uganda karibu na Kampala, kabla ya kuleta wanunuzi. Usipake yote. Adui wa nyumba zetu ni vumbi jekundu: linapanda ukutani hadi usawa wa goti, na mvua ya Aprili ikirusha matope ndiyo basi tena. Sugua huko chini, kisha zungushia msingi ukanda wa rangi nzito. Geti nalo lipige brashi, maana mnunuzi huanza kukadiria bei akiwa bado juu ya boda.

Dari yenye doa la maji usiifiche kwa rangi. Ziba bati kwanza. Mimi nilificha, mvua ikanyesha siku ile ile ya wageni. Aibu niliyoipata!

Ndani punguza makochi, fungua mapazia. Mbwa mpeleke kwa jirani.

Ila hata ing'ae vipi, mtu atauliza hati. Sema mapema kama ardhi ni ya mailo, yaani yako moja kwa moja kwa hati, au ni kibanja, yaani unakaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Na kama unaishi humo na mkeo, pata ridhaa yake kwanza. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitaka.