Kupata washiriki wa utafiti wa selimundu kupitia mtandao, Kisumu

Dada, umesema tangazo lenu la utafiti wa dawa ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, limeonwa na wengi Facebook, ila wanaofika kliniki ni wachache, na sasa unataka kufuata wanachotafuta wagonjwa mtandaoni. Fanya hivyo, lakini fuata maswali, si majina. Mzazi huandika usiku mtoto akiumwa: "maumivu ya mifupa", "macho ya manjano", kwa Kiswahili au Kidholuo. Akikuta "majaribio ya kitabibu" anapita tu. Tumia maneno yake, kisha jibu yanayomtisha: damu itatolewa kiasi gani, nauli kutoka Siaya analipa nani, anaweza kujitoa? Nimeona nauli ikikwamisha watu kuliko hofu ya dawa.

Tafadhali usiingie kimyakimya kwenye kundi la WhatsApp la wagonjwa kuokota namba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jitambulishe kwa msimamizi, omba ruhusa. Kila tangazo, hata ujumbe mfupi, lipitishwe na kamati ya maadili ya utafiti kwanza. Wasio na simu janja watafikiwa na wahudumu wa afya ya jamii. Kuhusu kuhifadhi data, muone mwanasheria.